Zawadi ya Kuhesabu Nyuzi

Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane hawakumwonyesha Petro barua wala fedha. Walimwonyesha nguo. Sura ya 9 ya Matendo ya Mitume haituambii hata neno moja lililotoka kinywani mwa mwanamke yule. Tunamjua kwa kazi ya mikono yake na kwa machozi ya waliomlilia. Wanaochunguza historia hukutana na jambo hilohilo mara kwa mara. Kwa karne nyingi wanawake wengi hawakuacha kitabu, wakaacha kitambaa. Hapa tunafuata aina moja tu ya kazi hiyo, ile inayodariziwa kwa mshono wa msalaba, na hasa vile vitambaa vidogo vilivyoshonwa kwa ajili ya mtu fulani anayependwa.

Mshono wenyewe ni rahisi. Uzi unalala mshazari, unarudi na kujikata, na msalaba mmoja umekwisha. Mshonaji hahitaji kuwa mchoraji. Anahitaji kuhesabu nyuzi za kitambaa na asichoke. Kitambaa cha aida, kile chenye vijumba vya kuhesabika, kwa kipimo kilichozoeleka huingia misalaba 14 kwa inchi. Kwa hiyo inchi moja ya mraba ikijazwa yote inameza misalaba 196, na utepe wa kutia ndani ya Biblia, wa inchi 2 kwa 6, unameza 2,352. Anayeidharau zawadi hii kwa udogo wake hajawahi kuishona.

Kule Uingereza, kitambaa cha kale kuliko vyote vya aina hii kinachojulikana chenye mwaka juu yake ni cha 1598. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ni cha kitani, kina mishono ya aina nyingi, wa msalaba ukiwa mmojawapo, na aliyekishona, Jane Bostocke, aliweka jina lake. Lakini habari kubwa iliyomo si yake. Kwa uzi aliandika kwamba Alice Lee alizaliwa tarehe 23 Novemba 1596, siku ya Jumanne, wakati wa alasiri. Alice alikuwa mtoto wa miaka miwili tu. Sisi ambao bibi zetu wengi waliambiwa kuwa walizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, bila tarehe, tunaelewa uzito wa zawadi hiyo. Jane alimpa mtoto siku yake ya kuzaliwa, hadi saa za alasiri. (Kuna mahali pia alipofumua: matundu ya sindano yamebaki, na wataalamu wameona kwamba palikuwa na tembo aliyebeba ngome. Kwa nini tembo aliondolewa, kitambaa hakisemi.)

Baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, kitambaa kikawa pia ubao wa shule. Wasichana walijifunza alfabeti kwa sindano, wakashona Sala ya Bwana na Amri Kumi, herufi baada ya herufi. Kulikuwa na sababu ya mkate pia. Shuka na taulo za nyumba kubwa zilitiwa herufi na namba kwa mshono wa msalaba zisipotee katika kufuliwa, na msichana aliyeiweza kazi hiyo alipata ajira. Wengi wetu tumesikia mahubiri juu ya George Müller wa Bristol, aliyewalea yatima bila kumwomba mtu fedha, ila Mungu peke yake. Tunasimuliwa mkate na maziwa, sindano haitajwi. Lakini wasichana wa nyumba zake tano za Ashley Down, ambazo kufikia 1870 zilikuwa na nafasi za watoto wapatao 2,050, walishona vitambaa vya alfabeti ndogo sana, mara nyingi kwa uzi mwekundu mtupu, na ustadi huo ulikuwa mtaji wao walipotoka kwenda kutumika.

Katika karne hiyo ya 19 zawadi hizi ziliingia katika Biblia zenyewe. Viwandani zilitengenezwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu ya kupitisha uzi. Mtoto au mama alidarizi juu yake maneno machache, akaishonea kwenye utepe wa hariri, na ndugu au rafiki akaitumia kuonyesha mahali alipofikia kusoma. Kitu cha senti chache tu, lakini aliyepewa alikigusa kila alipofungua Neno. Siku hizi kwenye sherehe zetu bahasha imechukua nafasi kubwa, na bahasha ina kazi yake, ila haijulikani kama kuna aliyewahi kuihifadhi ndani ya Biblia kwa miaka thelathini.

Wala kazi hii si ya wanawake peke yao. Mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, Meja Alexis Casdagli wa jeshi la Uingereza alitekwa kisiwani Krete na kupelekwa katika kambi za wafungwa Ujerumani. Alipata kipande cha kitambaa kutoka kwa mfungwa mwenzake, na nyuzi akazifumua kwenye sweta kuukuu la jenerali mzee wa Kikrete. Desemba ya mwaka huo alimaliza kitambaa kilichowapendeza walinzi hata wakakitundika waonekane watu. Hawakutambua kwamba ukingoni, kwa nukta na vistari vya alama za Morse, zile za wapiga simu wa zamani, alikuwa amemwombea mfalme wake kwa Mungu na kumtukana Hitler.

Sisi tunavutwa zaidi na kazi yake nyingine. Mwaka 1943 alimshonea mwanawe wa miaka 11 barua nzima kwa sindano. Ndani yake alimtajia hesabu: siku 1,581 zilikuwa zimepita tangu waonane. Aliachiliwa mwaka 1945. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima, ofisa wa jeshi la majini, naye alishika sindano akadarizi.