Muulizeni Mhasibu

Nilisomea sayansi ya tabia chuoni kwa miaka miwili. Somo la kwanza: ukitaka kumwelewa mtu, usianze na roho yake, anza na mazingira yake. Niliandika kwenye daftari nikasahau. Lilinirudia siku nilipozuiwa kufanya mtihani sababu ya karo.

Mazingira yangu yana historia. Baada ya uhuru serikali ilibeba gharama za chuo kikuu, na wanafunzi wakapata pesa za matumizi, ile "bumu" wazee wetu huisimulia wakicheka. 1991 bumu likafutwa, karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka ikaingia, wanafunzi wakaandamana. 1995 ikaundwa HELB ya kutoa mikopo. 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo sambamba kwa wanaojilipia, na vyuo vingine vikaiga.

Darasa letu lilizaliwa hapo. Kulikuwa na kijana wa Turkana aliyeishi kwa mkopo, binti aliyeletwa na dereva, na nesi mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekuja na uchovu wa zamu ya usiku. Zamani asingepata nafasi. Mlango ulionitoa mimi ndio uliomwingiza yeye.

Siku moja mhadhiri aliuliza kwa nini wanafunzi huacha masomo. Tukataja motisha, nidhamu, malezi. Nesi akainua mkono.

"Muulizeni mhasibu."

Tulicheka sana. Muhula uliofuata sikurudi.