Ahadi ya pomboo Kizimkazi: ipime kwa kikokotoo cha simu

Wageni wengi hufika Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kutazama pomboo. Tuseme nahodha anaahidi kuwa safari 8 kati ya 10 huwakuta. Tunachagua safari 100 kwa kura, si za wanaolalamika tu, na kukuta 70 ziliwaona. Je, ni bahati mbaya, au ahadi si ya kweli?

Tuchukue kikokotoo. Ahadi ni 0.8, kinachobaki ni 0.2.

1. 0.8 × 0.2 = 0.16
2. 0.16 ÷ 100 = 0.0016
3. Bonyeza √, upate 0.04. Hicho ndicho kipimo cha bahati kupanda na kushuka.
4. Tulichoona, toa ahadi: 0.7 − 0.8 = −0.1
5. −0.1 ÷ 0.04 = −2.5

Jibu likivuka 2 au −2, bahati peke yake huleta tofauti kubwa hivyo chini ya mara 5 katika 100. Kwa hiyo ahadi hii tunaikataa.

Lau safari zingekuwa 74, jibu lingekuwa −1.5. Hapo hatuna ushahidi wa kutosha kumwita nahodha mwongo, ingawa pia hatujathibitisha kuwa amesema kweli.