Ukomo wa Miti

Katika elimu ya mimea, ukomo wa miti ni mwinuko ambao juu yake baridi hairuhusu mti kukua ukasimama wima. Wapo wanaoandika "mstari wa miti", lakini mlimani hakuna mstari. Msitu hufupika, hutawanyika, hugeuka vichaka, kisha hubaki nyasi na mawe. Ukomo hutaja mahali uwezo unapoishia, na ndiyo maana iliyokusudiwa.

Christian Körner wa Chuo Kikuu cha Basel amelinganisha milima ya mabara mbalimbali, akaona kuwa miti hukoma pale wastani wa halijoto ya majira ya ukuaji unaposhuka hadi nyuzi 6 hivi za sentigredi. Kwa baridi hiyo majani bado hutengeneza sukari. Kinachokwama ni ujenzi wa seli mpya za mbao na mizizi. Nyasi hunusurika kwa kujibanza ardhini, ambako jua la mchana huzipa joto. Mti, kwa urefu wake, hauna pa kujificha.

Aliyefika Mlima Kenya atauliza: mbona senesio kubwa, zenye mashina marefu kumshinda mtu, zimesimama juu ya mita 4,000? Mimea hiyo ina kinga yake. Majani makavu hayaanguki, hulivika shina kama blanketi. Mabichi hujikunja usiku kulinda chipukizi. Lakini ukomo hupimwa kwa miti ya msituni, nayo imeshaachwa chini.

Istilahi hii hubeba nyingine. Ziwa Michaelson la Mlima Kenya, lililo katika bonde lililochongwa na barafu ya zama za kale, ni ziwa la juu ya ukomo wa miti. Vitabu vya Ulaya huyaita maziwa ya namna hiyo kwa jina la milima ya Alps. Jina letu hueleza tabia ya maji yenyewe: pasipo msitu kandokando, majani na mboji vinavyoingia ziwani ni vichache, hivyo aghalabu maji huwa maangavu na miali ya jua hupenya hadi kina kirefu.

Hata hivyo, neno ukomo lisitumiwe ovyo. Kilimanjaro, moto umeuteketeza msitu wa erika katika miongo ya karibuni na kuusukuma chini sana ya mwinuko ambao baridi ingeuzuia. Oktoba 2020 vichaka na nyasi za huko juu viliungua tena kwa siku nyingi. Mahali msitu unapoishia leo kwa sababu ya moto paitwe ukingo wa msitu. Ukomo wa miti uko juu zaidi.

Tofauti hiyo ina uzito. Erika hunasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Zikiungua, mlima hupoteza sehemu ya maji yake. Tukiuita ukingo ukomo, tunamwambia mwanafunzi, mwongoza watalii na mhifadhi kwamba hapo miti haiwezi kuota, ilhali inaweza, endapo moto utazuiwa. Vitabu vya shule na mabango ya hifadhini yatumie maneno yote mawili, kila moja mahali pake.