Maji ya Ubongo na Watu Walioyatafuta

Sisi tukaao Lushoto twaijua Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, mahali Wadachi walipoweka chuo cha maarifa ya mimea na kilimo mwaka 1902. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa Amani ina sehemu katika habari za maji yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo.

Miaka ile malale yalikuwa yakiwamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Upande wa Uganda walikufa zaidi ya 200,000. Mgonjwa alisinzia mchana, akakonda, akafa, wala sababu haikujulikana. Novemba 1902, huko Entebbe, daktari Mwitalia, Aldo Castellani, alitoa maji kidogo kwa sindano mgongoni mwa mgonjwa, akayatazama kwa hadubini. Akaona kidudu hai kikijipindapinda. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake waliwatia kima maji ya namna ile, nao wakaugua. Tena wakaonyesha ya kuwa mbung'o ndiye aenezaye ugonjwa.

Mwaka 1906 Robert Koch alifika Amani pamoja na wasaidizi wake, kisha wakaenda visiwa vya Sese kutibu wagonjwa. Dawa yao, Atoxyl, iliviondoa vidudu katika damu kwa muda, lakini wagonjwa wengine wakapofuka. Basi maarifa haya yalinunuliwa kwa bei kubwa, na walioilipa ni wagonjwa.

Hao wote waliyaona maji yaliyokwisha kutolewa, hawakuyaona yakitembea. Mwendo wake ulitazamwa huko Rochester, Marekani, mwaka 2012. Maiken Nedergaard na wenzake waliwalaza panya kwa dawa, wakatia rangi ing'aayo katika maji yale, wakatazama ndani kwa dirisha dogo kichwani na hadubini ya nuru ya leza. Wakaona maji yakiingia ubongoni kwa kufuata mishipa ya damu. Mwaka 2013 walisema ya kuwa usingizini maji hupita kwa wingi, yakiosha taka. Mwaka 2018 walitia chembe ndogo mno, wakaona jinsi mapigo ya mishipa yazisukumavyo. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa London, waliopima panya vilevile, walisema ya kuwa usingizini kuosha huko hupungua. Shauri hilo halijakatwa.

Yatupasa nini sisi? Hata leo mtoto akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, daktari huyataka maji yale ayapime. Wazazi wengine hukataa, wakidhani sindano itampooza mtoto. Lakini sindano huingia chini kiunoni, mahali uti wenyewe umekwisha kukoma, penye maji na nyuzi za fahamu tu. Kumwuliza daktari ni haki yetu. Lakini tukiisha kujibiwa tusikawie, maana homa ile huua upesi, na maji yale ndiyo shahidi wake.