Msasi Huanzia Shambani

Siku hizi ukitaja uwindaji mbele ya watu wa mjini, wengi humfikiria mgeni mwenye kofia pana, gari la wazi na bunduki yenye darubini, aliyekuja kutafuta pembe za kutundika ukutani kwake. Hata vijana wetu wenye kipato, wanaotamani kuanza kuwinda, hufikiri hivyo hivyo. Huuliza kwanza bei ya bunduki, kisha bei ya leseni, kisha tarehe ya kufunguliwa msimu. Sijakutana na aliyeuliza kwanza: uwindaji huu ulianza kwa nini?

Swali hilo si la kupuuza kwetu sisi tukaao Mtoni. Barabara ya Kilwa ipitayo hapa hushuka Mbagala, ikaenda Mkuranga, Kibiti hadi Rufiji. Kabla ya nyumba za bati kusongamana hivi, nchi hii yote ilikuwa Uzaramo, nchi ya wakulima wa mpunga, mtama, mahindi na muhogo. Na palipo na muhogo na mahindi karibu na kichaka, hapakosi nguruwe mwitu. Katika nchi za Marekani ya Kaskazini, anayejifunza kuwinda dubu mweusi mwanzoni mwa msimu huambiwa amtafute penye chakula chake, kwenye matunda ya porini na pembezoni mwa mashamba ya mahindi. Kwetu hakukuwa na haja ya kumtafuta mnyama penye chakula chake, kwa kuwa chakula chake kilikuwa chetu.

Nguruwe mwitu ni mnyama wa usiku, mjanja, na hutembea kwa makundi. Kundi moja likiingia shambani usiku, asubuhi mwenye shamba hukuta mihogo imefukuliwa na mahindi yamelazwa, mengine hata hayakuliwa. Mtu mmoja hawezi kulizuia. Ndiyo maana uwindaji wa nguruwe ulikuwa kazi ya kijiji. Nyavu zilitegwa upande mmoja wa kichaka, na watu wakaja kwa upande mwingine na mbwa na kelele, wakiwaswaga wanyama kuelekea kwa wenye mikuki. Wazaramo wengi, kwa kadiri Uislamu ulivyoenea kati yao, hawakula nyama hiyo. Windo halikuwa kwa ajili ya kitoweo wala kwa ajili ya sifa. Lilikuwa ulinzi wa chakula cha mwaka.

Kazi ya namna hii humfunza anayeianza mambo ambayo hayamo katika leseni. Anayepiga kelele upande huu lazima ajue mwenziwe mwenye mkuki amesimama wapi. Mwenye mkuki lazima avumilie mpaka mnyama anase wavuni. Kila mmoja ana zamu na mahali pake, na anayetoka mahali pake anaweza kumfanya mwenziwe ajeruhiwe. Wahenga walisema msasi haogopi mwiba. Mimi niliwaambia walimu wanafunzi wangu chuoni kwamba methali hiyo haisifu ukali. Inasifu uvumilivu.

Sasa tuitazame sheria. Tarehe 7 Mei 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyamapori, miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Ilidai leseni kwa uwindaji, na ilianzisha hifadhi mbili, moja upande wa Kilimanjaro na nyingine upande wa Rufiji. Wissmann hakuwa na wasiwasi wa bure, maana tembo walikuwa wakimalizwa kwa ajili ya pembe, na wafanyabiashara wa pembe hizo walikuwa wengi, wageni na wenyeji. Mwaka 1900 mataifa yaliyotawala Afrika yalikutana London yakatia sahihi mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa bara hili. Hakuna mkulima wa Kiafrika aliyealikwa.

Nguruwe hakuwa mnyama ambaye sheria hizo zilimthamini. Lakini zilibana njia za kumwinda. Nyavu zilitazamwa kama uwindaji wa kishenzi, na bunduki na baruti vikawa chini ya mkono wa serikali. Kisha, kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, wanaume walitolewa kwenda kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Tazama, msomaji, jinsi mambo mawili yalivyokutana: nyavu hazitakiwi, na wa kuzishika hawapo kijijini. Waliobaki kukesha shambani ni wanawake, watoto na wazee.

Vita vya Maji Maji vilipolipuka Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa pamba. Tumefundisha shuleni miaka yote kwamba sababu zilikuwa kodi, pamba, viboko na dhuluma za maakida, na mafundisho hayo ni ya kweli. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwaendea wazee vijijini wakakusanya masimulizi yao ya vita vile, kazi ambayo kila mwalimu wa historia anapaswa kuishukuru. Lakini mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika juu ya Uzaramo hasa, akaonyesha jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vililipita upesi: njaa na nguruwe mwitu. Mashamba yaliyokosa walinzi yaliliwa, na nyumba zilizokosa chakula zilijaa hasira. Jumbe Kibasila wa Kisangire, ambaye Wajerumani walimuua, ana shule ya sekondari yenye jina lake hapa hapa Temeke. Natamani wanafunzi wanaopita langoni mwake wajue kwamba miongoni mwa madai ya watu wa wakati wake lilikuwamo hili dogo, la mtu kuruhusiwa kulinda muhogo wake.

Vita vile na njaa iliyovifuata viliua watu wengi mno. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Vijiji vikawa mapori, na mapori yakawa ya wanyama. Waingereza walipochukua nchi, pori la kusini mwaka 1922 walilipa jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Baadaye, katika miaka ya 1940, Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa ili pori hilo lipanuliwe. Hivyo jina la mwindaji mmoja likakaa kwenye ramani kwa karibu miaka 100, na majina ya wasasi wa Kindengereko na Kingindo yakasahauliwa. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Serikali yetu huru haikuwa adui wa wanyama. Septemba 1961, kabla hata ya bendera kupanda, Mwalimu Nyerere alitangaza Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo si lile la 1967. Uwindaji ulifungwa mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Sheria ya Wanyamapori ilitungwa 1974, ikafuatwa na nyingine 2009. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 iliwakamata majangili wengi wakati tembo walipokuwa wakiteketea. Haya yote yalihitajika. Ninalosema mimi ni kwamba mkulima na shamba lake walizidi kuachwa pembeni.

Ushahidi uko karibu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, kuhusu simba wala watu. Tangu 1990 hadi 2004 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Kwa nini? Kwa sababu huo ndio wakati watu hulala kwenye madungu shambani kulinda mazao, na wanachokilinda dhidi yake ni nguruwe. Simba humfuata nguruwe shambani, akamkuta mtu. Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu naikumbuka miezi hiyo katika daftari la mahudhurio: watoto walikuwa mashambani wakiamia ndege mchana na kukesha usiku. Sisi tuliandika "mtoro". Ungekuwa mzazi wake, ungeandika nini?

Basi kwa kijana anayetaka kuanza, nasema hivi. Fuata sheria: chukua kibali cha silaha na leseni ya kuwinda, usitumie sumu wala mtego, usipige risasi kutoka garini. Subiri Julai, maana tarehe 1 ya mwezi huo haikuchaguliwa ovyo. Masika yamekwisha, nyasi zinakauka, maji yanapungua, na nyayo husomeka. Lakini miezi ile mitatu kabla ya msimu, nenda kaketi na mkulima wa Mkuranga au Rufiji. Lala katika dungu lake usiku mmoja. Sikiliza nguruwe wanavyokuja, ujue ni nani anayekesha bila bunduki ili mji huu upate mchele. Ukitoka hapo, ukiona bado unataka kuwinda, utakuwa umejua windo ni la nani, na mkono wako hautakuwa mwepesi kwenye kifyatulio.