Muuguzi Aliyewarudisha Watoto Darasani

Mwaka 1897 jiji la New York lilianza kutuma madaktari kukagua wanafunzi shuleni. Aliyekutwa na chawa, upele, mapunye au trakoma alirudishwa nyumbani. Nani amtibu? Hilo halikumhusu daktari. Mtoto alishinda mtaani akicheza na wale wale aliotengwa nao darasani, na mama yake, mara nyingi mhamiaji asiyejua Kiingereza, hakuelewa hata karatasi aliyoletewa.

Lillian Wald, muuguzi aliyeishi na kufanya kazi kati ya maskini wa mtaa wa Henry Street jijini humo, aliwahi kukutana na mvulana wa miaka 12 ambaye hakuwahi kupokelewa shuleni kwa sababu ya vidonda vya kichwani. Dawa ya kupaka tu ndiyo iliyompeleka darasani.

Oktoba 1902 Wald akaliazima jiji mmoja wa wauguzi aliofanya nao kazi, Lina Rogers, Mkanada, kwa jaribio la mwezi mmoja shuleni.

Shule nne, watoto wapatao 10,000, mtu mmoja! Rogers alisafisha vidonda na kufunga bandeji, kisha mgonjwa akarudi kwenye dawati lake siku hiyo hiyo. Baada ya masomo alipanda ngazi za nyumba za kupanga, akiwaonyesha akina mama namna ya kuua chawa kwa mafuta ya taa, dawa ya enzi hizo. Kwangu, ziara hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi.

Kabla mwaka haujaisha, jiji likaajiri wauguzi wengine. Septemba 1902 waliorudishwa nyumbani walizidi 10,000. Septemba iliyofuata, takriban 1,100. Rogers baadaye alihamia Toronto kuanzisha huduma kama hiyo, na mwaka 1917 akachapisha kitabu cha kazi yake.