Majaleo Hayakuwa Zawadi: Kumbukumbu ya Malipo ya Mwisho ya Korosho, Masasi na Newala

Kule Newala, kusini mwa Tanzania, stempu za dukani hazikuwahi kuwa desturi. Marekani zilienea tangu 1896, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilipoanza kuwauzia wenye maduka stempu za kuwagawia wateja. Waingereza walipata za kwao, Green Shield, mwaka 1958. Kitabu kikijaa stempu, mteja alikwenda kukibadilisha kwa birika au pasi, na wengi waliozibandika bado huzikumbuka kwa hamu. Masasi na Newala zina kumbukumbu iliyo ndugu na hiyo. Ni ya malipo ambayo wakulima wa korosho huyaita majaleo.

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, kwa nguvu ya sheria ya 2005. Mkulima alipeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, karani akazipima, akamwandikia stakabadhi. Alipokea malipo ya awali, ambayo yalikuwa sehemu tu ya bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, kwa fedha ambazo ushirika ulikopa benki. Korosho zikaenda ghala kuu kusubiri mnada. Zikiuzwa, yalifuata malipo ya pili. Mwisho kabisa, baada ya benki kurudishiwa chake na gharama za usafiri, magunia na ghala kuondolewa, ziada iliyobaki, ambayo ndiyo majaleo, iligawanywa kwa kufuata kilo. Aliyepeleka kilo 800 alistahili mara nne ya aliyepeleka 200. Ushahidi wake ulikuwa ile karatasi, nayo ilistahili kutunzwa mahali pamoja na kadi ya kliniki ya watoto.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona majaleo kama bakshishi ya ushirika. Bakshishi hutolewa na mwenye mali apendapo. Majaleo yalitoka kwenye mali ya mkulima mwenyewe, iliyouzwa kwa jina lake, na yalidaiwa. Asili yake ni kongwe kuliko stempu. Mwaka 1844 waasisi 28 wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, waliamua kwamba faida irudi kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Ushirika wa namna hiyo ulipata sheria yake Tanganyika mwaka 1932. Stempu ilifanana na mgawo huo kwa umbo, ila ilikosa kiini chake. Mwenye duka alizinunua stempu, na gharama yake ilipaswa kufidiwa na mauzo. Mteja akapata birika, lakini hakupata nafasi mkutanoni ya kuuliza faida imekwenda wapi. Mwanachama wa chama cha msingi alikuwa nayo.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa njema tupu. Malipo ya mafungu yalimweka mkulima katika kusubiri kusikokuwa na tarehe, huku ada za shule na salfa ya kupulizia mikorosho vikiwa na tarehe zake. Aprili 2013, huko Liwale mkoani Lindi, hasira juu ya malipo ya pili yaliyopungua zilizaa ghasia na nyumba zikachomwa moto. Kusubiri huko pia kulimpa nafasi mnunuzi wa kangomba, anayekuja na fedha mkononi na chombo kinachobeba zaidi ya kilo moja kwa bei ya kilo moja. Mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri majaleo. Kwa hiyo kulipwa mara moja baada ya mnada, kama ilivyozoeleka miaka ya karibuni, ni hatua ya haki. Msimu wa 2024/25 bei mnadani zilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na mnada wenyewe ukiendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Kwa nini basi majaleo yakumbukwe? Naamini ni kwa sababu yalibeba swali. Fungu la mwisho lilipotajwa, mkulima alilazimika kujua makato yote yaliyotangulia, na viongozi walilazimika kuyaeleza. Pointi za simu, zinazofanana leo na stempu zile, hazina swali hilo. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanzisha pointi za Bonga nchini Kenya mwaka 2007, mteja alianza kujikusanyia pointi kwa matumizi yake, na kampuni za simu za Tanzania nazo zimekuwa na tuzo za namna hiyo. Pointi hizo huonekana haraka kwenye kioo, ila thamani yake hupangwa na kampuni, na mwenye simu hana mkutano mkuu wa kwenda kuihoji.

Ndiyo maana siombi majaleo yarudi kwa njia ya kumcheleweshea mkulima fedha yake. Naviomba vyama vya msingi vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU vibandike ubaoni, baada ya kila mnada, bei iliyopatikana na kila shilingi iliyokatwa, kwa Kiswahili kinachosomeka, na visome hesabu hizo mkutanoni kabla msimu haujafungwa. Nawe mwanachama, itunze stakabadhi yako, uende nayo mkutanoni.